Sheria ya Maandishi Yatima

Iko nchi moja iitwayo Kwingineko. Haipakani na yetu, haifanani na yetu, na wala sina ndugu huko. Naisimulia kwa sababu mambo ya watu wa mbali hayamuudhi mtu. Msomaji atakayeona humu kitu anachokijua, basi ni macho yake tu yamechoka, akapumzike.

Watumishi wa serikali wa Kwingineko walikuwa na mshahara, lakini ulikuwa na haya kama bibi harusi: ulijitokeza mwisho wa mwezi, ukajifunika, ukaondoka. Rais wao, mtu mwenye huruma, akawahutubia redioni.

"Ndugu zangu watumishi," alisema, "mtu mwenye kazi moja ni kama kuku mwenye mguu mmoja. Tafuteni kipato cha pembeni. Lakini nawasihi msiibe, kwa sababu vya kuiba vimekwisha."

Ikaandaliwa semina, maana Kwingineko hakuna jambo linaloanza bila semina. Akaletwa mtaalamu, akasimama mbele ya watumishi na kuwaambia kwamba siku hizi fedha iko kwenye vitabu. Watumishi wakanung'unika, kwani kuandika kunachosha. Mtaalamu akacheka.

"Nani kawaambia muandike? Watu wamekwisha kuandika. Nyinyi okoteni, pangeni, wekeni jalada, wekeni jina lenu juu. Chapisheni wenyewe, uzeni wenyewe. Kuandika ni kazi ya wenye shida. Kukusanya ni kazi ya wenye nafasi."

Wakapiga makofi, wakala pilau, wakasaini posho, wakatawanyika huku wakiokota.

Idara ya Maji ilitangulia. Ilibandua matangazo yake yote kwenye kuta za mji, ikayatoa kama kitabu kiitwacho *Leo Hakuna Maji*, kinene kama tofali. Katika utangulizi Waziri alisifu mtindo wa waandishi wake, akasema kwamba kwa miaka yote msimamo wao haukuyumba hata siku moja. Walimu wakakusanya barua za wazazi za kuombea watoto ruhusa, wakaziita *Bibi Yake Amefariki Tena*. Askari wa barabarani wakatoa *Breki Zilikataa*, mkusanyiko wa maelezo ya madereva. Vitabu hivi viliuzwa kwa hiari kabisa. Hiari yenyewe ilikuwa hivi: ukienda kutafuta cheti cha kuzaliwa, unaulizwa kwa upole wiki hii umesoma nini.

*

Fujo ilianzishwa na fundi baiskeli mmoja. Alifungua kitabu alichouziwa kwa hiari, akakuta humo barua yake mwenyewe ya kuulizia kiwanja chake kilichopotea. Badala ya kushukuru kwa kuchapishwa, akaenda mahakamani kudai kwamba barua ni yake.

Bunge likaitishwa haraka. Baada ya mjadala mzito likapitisha Sheria ya Maandishi Yatima, ambayo kila mtoto wa shule huko anaijua kwa moyo: *Andiko lililopelekwa ofisini lisijibiwe ni yatima. Yatima ni wa serikali, na serikali ni watumishi wake. Andiko likijibiwa, kwa kalamu au kwa mdomo, limepata mzazi. Aliyejibu ndiye mzazi wake, naye atalilea kwa kutekeleza lililoombwa, wala hataliuza.*

Wabunge kadhaa walitokwa na machozi. Walikuwa hawajawahi kuwafikiria yatima kwa kina namna ile.

Tangu siku hiyo hakuna ofisi ya Kwingineko iliyojibu barua. Si kwa uvivu, hapana. Watumishi walifanya kazi kuliko zamani. Barua zilipokewa kwa mikono miwili, zikasomwa, zikapigiwa mstari penye uchungu, zikapelekwa kwa mchapaji. Ila kujibu, hapana. Nani atakubali kuzaa bila mpango?

Na kwa kuwa hata jibu la mdomo lilihesabika, watumishi wakajifunza kutozungumza na mwananchi moja kwa moja. Walizungumza na vitu. Mwananchi aliuliza, mtumishi akaiambia kalenda. Wengine walipendelea feni. Wenye vyeo walizungumza na chupa ya chai.

*

Katika nchi hiyo kuna kijiji kiitwacho Bondeni, na Bondeni aliishi fundi cherehani mmoja, Siwema, mwanamke mpole ambaye hata kuku akiingia ndani humwomba radhi kabla ya kumfukuza. Siwema alikuwa na mimba yake ya kwanza. Mume wake alikuwa kwenye machimbo ya mbali, hivyo aliishi na wifi yake, Mashavu, ambaye hakuwa mpole hata kidogo.

Zahanati ya Bondeni ilikuwa na wodi ya wazazi nzuri, yenye bati na vitanda, lakini ilikuwa imefungwa. Ufunguo wake ulichukuliwa na ofisi ya Mkurugenzi wa Wilaya kwa ajili ya uhakiki. Ulihakikiwa nini, ufunguo ni ufunguo, hakuna aliyejua. Mkunga wa zahanati, Sista Sijaona, alizalisha wanawake barazani, nyuma ya kanga zilizotundikwa kwenye kamba. Mwenye hali ngumu alipandishwa pikipiki kwenda hospitali ya wilaya, kwa njia ya makorongo. Jirani yake Siwema alipanda pikipiki hiyo wakiwa wawili, akarudi mmoja.

Tangu jirani arudi, Siwema hakutulia. Alikaa kwenye cherehani akainuka. Alifagia palipofagiliwa. Alikwenda mpaka zahanati, akaugusa mlango wa wodi, akarudi, akaenda tena.

"Wifi, unautomasa mlango kama mgonjwa," Mashavu alimwambia. "Mlango hauumwi. Anayeumwa ni mwenye ufunguo. Mwandikie."

Basi Siwema akaandika. Aliandika kwamba si mtu wa kulalamika. Aliandika habari za jirani yake, na jinsi asubuhi alivyomsikia akiimba akisubiri maziwa ya kifuani yakauke. Aliandika kwamba mtoto wake ameanza kupiga teke kila anapopita mbele ya ile wodi, na kwamba yeye hajui amwambie nini. Mwisho aliomba ufunguo.

Akasubiri. Mwezi ukaandama, ukaisha. Tumbo likakua. Jibu halikuja.

Kilichokuja ni kitabu.

*

Kililetwa na mwanamke wa mjini aliyevaa miwani ya jua, Zaituni, katibu muhtasi wa Mkurugenzi, mwenye kipaji cha kuongea na watu bila kujibu, ndiyo maana hutumwa yeye. Jalada lilikuwa na picha ya mkono ulionyooshwa, na jina: *Vilio Teule vya Wilaya, vimekusanywa na kuhaririwa na Mheshimiwa Hamdani Mapana, Mkurugenzi.* Kilio cha kwanza kilikuwa cha Siwema.

"Hongera, shoga," Zaituni alisema akiketi. "Wilaya nzima inakusoma. Bosi mwenyewe amelia. Nimemshuhudia, leso mbili."

"Asante," Siwema alisema. "Na ufunguo?"

"Ufunguo gani?"

"Ule nilioomba. Uko ukurasa wa mwisho wa barua."

"Ah, ule. Tumeupenda sana ule. Mhariri alisema umemalizia vizuri." Zaituni akasogeza kiti. "Sasa nimetumwa. Toleo la pili linatoka, na tunahitaji kilio kipya kutoka kwako. Umekaribia, si ndiyo? Andika ukiwa umekaribia hivyo hivyo. Weka na usiku, watu wanapenda usiku."

Mashavu, aliyekuwa akichambua mchicha, akauweka ungo chini. "Mbona ufunguo hamtoi?"

Zaituni alivua miwani, akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Dada yangu, akipewa ufunguo ataandika nini?"

Hakusema kwa ubaya. Alieleza, kama mtu anavyomweleza mgeni, kwamba kilio ni kama ng'ombe wa maziwa. Hakuna anayemchinja kwa sababu ya supu ya siku moja. Wilaya jirani, alisema, kulikuwa na mkurugenzi mmoja mjinga aliyekarabati daraja. Toka siku hiyo hajapata hata ukurasa. Sasa anakusanya misemo ya kwenye vizibo vya soda.

"Na wewe mwenyewe," Siwema aliuliza polepole, "una watoto?"

Zaituni alivaa miwani yake. "Kibatari hiki," akakiambia kibatari kilichokuwa juu ya meza, "ninao wawili." Kisha akaondoka upesi, akasahau mwavuli.

*

Siwema akaenda mwenyewe ofisini. Mashavu aliandamana naye, akiwa na mwavuli wa Zaituni, na kwa jinsi alivyoushika haikuonekana kama anakwenda kuurudisha.

Mheshimiwa Mapana aliwapokea vizuri. Alikuwa mtu mnene wa kupendeza, mwenye uso wa mtu aliyelelewa vyema. Aliwaonyesha viti kwa mkono, akaigeukia chupa yake ya chai.

"Mheshimiwa," Siwema alianza, "nimekuja kuhusu wodi."

"Chupa," Mkurugenzi alisema, "tuna bahati leo. Tumetembelewa na kipaji."

"Nimebakiza siku chache."

"Siku chache, chupa. Umesikia mpangilio huo wa maneno? Hakuna lililozidi."

"Mheshimiwa, naomba ufunguo tu. Nikishajifungua nitaurudisha."

Mkurugenzi alifumba macho, akaandika kitu kwenye kiganja chake. "*Nikishajifungua nitaurudisha*," akarudia. "Chupa, hapo ndipo ninapojiuliza kwa nini wengine tulijisumbua kusoma."

Mashavu akainuka. "Wewe baba, unaongea na mtu au unaongea na chai?"

Mkurugenzi alitoa jasho. Alikuwa karibu kujibu. Midomo yake ilikwisha kufunguka. Afisa Sheria wa wilaya, kijana mwembamba ambaye kazi yake ilikuwa kukaa pembeni na kukohoa, akakohoa. Midomo ikafungwa. Mkurugenzi akamimina chai kikombe kizima bila kunywa, akaitazama ikipoa.

Walipotoka, Afisa Sheria aliwafuata mpaka ngazini na kuiambia nguzo kwamba Jumamosi kuna uzinduzi wa toleo la pili uwanjani, kwamba Waziri wa Kipato cha Pembeni atakuwepo, na kwamba wageni wangefurahi sana kama mwandishi wa kilio cha kwanza angekisoma mwenyewe, kwa sauti, akiwa katika hali hiyo hiyo aliyo nayo. Gari litamfuata.

"Hatuji," Mashavu aliiambia nguzo.

Siwema alikuwa ameshika kiuno, anapumua kwa mdomo. "Tutakuja," alisema. "Kuna gari, wifi. Uwanja uko karibu na hospitali. Maumivu yakinishika huko, si heri kuliko hapa?"

Hivyo ndivyo mwandishi maarufu kuliko wote wa wilaya alivyokubali mwaliko wake wa kwanza.

*

Uwanja ulipambwa. Kulikuwa na turubai, bendi ya shule, na wananchi waliokuja kwa hiari wakihesabiwa langoni. Waziri alitoa hotuba ndefu. Alisema nchi nyingine zina dhahabu, lakini dhahabu huisha. Kwingineko ina malalamiko. Akawapongeza wananchi kwa uzalishaji. Akaahidi kwamba serikali itafanya kila iwezalo ili malighafi hiyo isipungue.

Mbele kabisa, kwenye kiti chenye mto, aliketi mama mzazi wa Mkurugenzi, Bi. Kidawa, bibi mdogo mwenye ushungi mweupe. Alikuwa ameletwa kutoka shamba kuja kuona mwanawe alivyogeuka mwandishi. Hakuwahi kusikia habari za sheria yoyote. Kila aliyepita mbele yake, bibi huyo alimuuliza jina, akamsalimia nalo, akamuuliza na habari za nyumbani kwao.

Siwema akaitwa. Alipanda jukwaani taratibu, mkono mmoja mgongoni. Akafungua kitabu. Sauti yake ilikuwa ndogo, ila kipaza sauti kilikuwa cha serikali, kilipiga kelele hata kwa minong'ono.

Alianza mwanzo wa barua, pale ambapo kila mtu mwenye adabu huanza anapomwandikia mkubwa wake.

"Shikamoo, Mheshimiwa Mkurugenzi."

Kisha akanyamaza. Sidhani kama alikuwa na hila. Nimeulizia sana jambo hili. Ni kwamba alikuwa amesimama mbele ya mtu mzima, amemwamkia, na huko kwao mtu akiamkia husubiri. Huwezi kumwamkia mtu ukaendelea na shida zako kana kwamba umesalimia kisiki. Akasubiri, kitabu mkononi, tumbo mbele.

Mkurugenzi alitazama huku na huko. Mezani mbele yake hapakuwa na chupa. Palikuwa na maua. Alifungua mdomo kuyaambia maua jambo, akaufunga. Uwanja ulianza kunong'ona. Mtu mmoja nyuma akasema, "Mbona haitikii?" Mwingine akasema, "Labda hasikii." Siwema, akidhani kweli hakusikika, akasogea kwenye kipaza sauti na kuinamisha kichwa.

"Shikamoo, baba."

Bi. Kidawa akageuka kitini. "Wewe Hamdani," alisema, na kwa kuwa alikaa karibu na kipaza sauti, sauti yake ilifika mpaka langoni, "mtoto wa watu anakuamkia na mzigo wake tumboni, nawe umekaa kama gunia. Mimi ndivyo nilivyokulea?"

"Marahaba," alisema Mkurugenzi.

Lilimtoka kabla hajalijua. Lilitoka kule linakokaa tangu utotoni, mahali ambapo semina haifiki. "Marahaba, mwanangu," akaongeza, maana neno hilo likishatoka hutoka na mwenzake.

Afisa Sheria alikohoa mpaka akasimama. Lakini alikuwa amechelewa, na waandishi wa redio walikuwa wameshaandika.

Waziri aliomba dakika ya mashauriano. Wakubwa walikusanyika nyuma ya turubai. Wengine walidai marahaba si jibu bali ni upepo. Wengine wakasema aliyeitikiwa ni mwanamke, si barua. Afisa Sheria, ambaye kwa bahati mbaya ya nchi ile alikuwa anaijua kazi yake, akawaonyesha kwamba salamu ilikuwa ndiyo mstari wa kwanza wa barua, ukurasa wa kwanza, na imejibiwa kwa mdomo mbele ya mashahidi na bendi. Barua haikuwa yatima tena. Ilikuwa na mzazi, mrefu wa futi sita, anayejifuta jasho kwa programu ya sherehe.

"Ilee," Waziri akamwambia kwa huzuni, kama mtu anayemuaga rafiki. "Kabla hawajaulizia barua nyingine zilizo kitabuni mwako."

Jukwaani, Siwema alikuwa hajui lolote kati ya hayo. Alikuwa ameshika nguzo ya turubai kwa mikono yote miwili, na kitabu kilikuwa chini.

"Wifi," alisema, "yameanza."

*

Hospitali ya wilaya ilikuwa ng'ambo ya barabara, lakini lango lake lilikuwa limefungwa siku hiyo ili wauguzi wahudhurie uzinduzi kwa hiari. Kwa hiyo msafara wote ukageuza kwenda Bondeni: gari la Mkurugenzi likiwa na Siwema, Mashavu na Bi. Kidawa kiti cha nyuma, na magari mengine nyuma yake yakiwa na watu ambao hawakujua wanakwenda kufanya nini ila waliogopa kubaki. Makorongo yalimrusha Siwema, na kila aliporushwa Mashavu alimpiga dereva begani kwa mwavuli. Bi. Kidawa alimshika mkono akamwambia apumue, apumue, bado kidogo.

"Ufunguo uko wapi?" Mashavu aliuliza.

Mkurugenzi, kiti cha mbele, alitazama kioo cha gari. Kisha akaingiza mkono mfukoni na kuutoa. Ulikuwa kwenye shada moja na wa nyumba yake.

Sista Sijaona alikuwa ametundika kanga zake barazani. Alipoona shada la funguo alizitundua bila kuuliza, akasimama pembeni ya mlango. Kufuli ikalalamika, mlango ukafunguka nusu, ukagonga kitu.

Wodi ilikuwa imejaa vitabu. *Vilio Teule* vilifungwa kwa kamba na kupangwa toka sakafuni mpaka darini, juu ya vitanda, chini ya vitanda, dirishani. Ghala la mjini lilikuwa ghali, na malori yalikuja usiku, Mkurugenzi alianza kueleza, akimweleza mlango.

"Mlango hauzai," Sista Sijaona alimkata. "Nipe kitanda kimoja na njia ya kukifikia. Wewe mrefu, anza na hapo."

Wakajipanga toka wodini mpaka chini ya ukuta wa zahanati: Mkurugenzi, Zaituni na viatu mkononi, Afisa Sheria, madereva, mwanabendi mmoja na tarumbeta lake mgongoni. Mafurushi yalipita mkono kwa mkono. Simu zao zililia bila kukoma. Habari ilikuwa imeshafika wilaya nyingine, ambako wananchi walikuwa wamejipanga nje ya ofisi, wazee kwa vijana, nakala za barua zao mkononi, wakiwaamkia maafisa kupitia madirishani. Wizara ilikuwa inatafuta pamba ya masikio. Ilisemekana mkuu mmoja wa mkoa ametoroka kwa mlango wa jikoni baada ya kusalimiwa na darasa zima. Hakuna aliyepokea simu. Mikono ilikuwa na vitabu, na kutoka ndani Siwema alikuwa analia kwa sauti ambayo haikuwa teule wala haikuhaririwa.

Kitanda kikaonekana. Kikafutwa. Mlango ukafungwa, safari hii kwa ndani.

Waliobaki nje walisimama juani. Hawakukaa wala hawakuondoka. Zaituni alivaa viatu akavivua. Mkurugenzi alizunguka rundo la vitabu vyake, akafunua kimoja, akasoma mistari, akakifunga. Nimeambiwa alisoma ile ya jirani aliyeimba akisubiri maziwa yakauke, lakini sikuwepo, sitaki kumsingizia mtu wema.

Kikasikika kilio kidogo, chembamba, cha hasira. Ndani, Mashavu na Bi. Kidawa walipiga vigelegele kwa pamoja.

Dirisha la wodi likafunguliwa kidogo.

"Ni wa kike," Sista Sijaona alisema kutoka ndani. "Wote wazima. Nataka ndoo ya maji ya kumwogeshea. Kuna mtu hapo nje?"

Watumishi wakatazamana. Lilikuwa swali, tena la mwananchi, tena lina ombi ndani yake. Afisa Sheria alifungua mdomo ili akohoe. Zaituni akainamisha macho.

"Nipo," alisema Mheshimiwa Mapana. Akakiweka kitabu chini, akauliza kisima kiko upande gani.